Gunia la Saba

Romana Lyamba hakuyaamini macho ya mtu anayeomba kazi. Macho, alisema, hujifunza haraka kuliko mikono. Aliamini karatasi, simu na siku ya kazi yenyewe, kwa mpangilio huo. Tangu arudi Mpanda miaka minne iliyopita na kufungua ofisi ya kuyatafutia makampuni mameneja na wakuu wa idara, mpangilio huo ulikuwa umemwangusha mara moja tu.

Mara hiyo moja iliitwa Nestori.

Nestori alikuja na wasifu wa kurasa sita na ukurasa wa mtandaoni uliojaa watu. Romana akampeleka Kibaoni, kwenye kampuni ya kukoboa na kuuza mchele iitwayo Mbuga Mbili, awe mkuu wa masoko ya mtandaoni. Alikaa majuma kumi na moja. Katika majuma hayo kampuni ilipata wafuasi elfu kumi na tisa, na mchele ukabaki ghalani kama ulivyokuwa. Jumatatu iliyofuata walikuta ameacha funguo mezani pamoja na barua ya kumshukuru kila mtu, mpishi akiwemo.

Mwenyekiti wa kampuni, Mzee Optatus, mkulima wa mpunga kama baba yake na babu yake, si mtu wa kugomba. Alipiga simu.

"Mama Romana, yule uliyetuletea ameondoka."

"Nimesikia, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Sasa nakwambia kama ninavyomwambia mwanangu. Tunakupa mara ya pili. Ila utakayemleta sasa naye asipofika majuma kumi na mbili, tutaandika kwa zile ofisi za Dar zinazotafuta watu. Wajumbe wameshasema, na mimi sina la kuwajibu."

Romana alishukuru, akakata simu, akakaa. Alijua uzito wa maneno yale bila mtu kumpimia. Katavi ni mkoa mpana, lakini kwa habari ni ua mmoja. Tangu Januari kampuni tano zilikuwa zimemwomba mtu wa masoko ya mtandaoni: wasindikaji wa asali wa Inyonga, wenye hoteli ya watalii, wenye alizeti, shule moja na duka la vifaa vya ujenzi. Nusu yao walimtaka kwa sababu jirani anaye. Wote watano waliitazama Mbuga Mbili. Mbuga Mbili ikihamia Dar, nao wangehama, na chumba chake cha mtaa wa Shanwe chenye meza mbili na kabati la chuma kingebaki chumba tu.

Basi alifanya alilozoea kufanya penye kosa: alilitafuta lilipo. Alitoa faili la Nestori, akalisoma kuanzia mwanzo kama linalomhusu mtu asiyemjua. Kosa lilikuwa kwenye fomu yake mwenyewe. Swali la tatu liliuliza idadi ya wafuasi, na peke yake lilibeba alama thelathini kati ya mia. Hakuna swali hata moja lililouliza nani alinunua.

Hapo akaongeza hatua ya mwisho. Watakaofika fainali watapewa magunia kumi ya mchele kila mmoja na siku tatu za kuyauza kwa simu. Swali la tatu hakulifuta. Alilipunguza kutoka alama thelathini hadi ishirini. Kosa alikuwa ameliona lote, akalirekebisha nusu.

Maombi yalikuja sitini na matatu. Wengi waliandika kuwa wana shauku. Kumi na mmoja walituma barua ileile ya kuombea kazi, neno kwa neno, na mmoja kati yao alisahau kubadilisha jina la mwenzake. Aliyevuka alama sabini alikuwa mmoja tu, Zablon, kijana wa Dodoma aliyekuwa amefanya kazi Dar kwenye kampuni ya vipodozi, kisha Mbeya kwenye kiwanda cha juisi. Romana hakuwapigia wadhamini ambao Zablon aliwataja mwenyewe. Wadhamini wa namna hiyo hakuwa akiwapigia kamwe, maana mtu haorodheshi maadui. Alimtafuta mtunza ghala wa kile kiwanda cha Mbeya.

"Zablon?" mtunza ghala alisema. "Yule akiazima kitu anarudisha."

Romana akaliandika. Katika miaka minne hakuwahi kusikia sifa iliyompendeza zaidi.

Fundi cherehani aliyepanga naye baraza moja aliitwa Verdiana, mwanamke mnene, mwepesi wa ulimi, ambaye alikuwa akishona na kusikiliza simu kwa wakati mmoja. Alhamisi moja Romana alipotoka nje kunyoosha mgongo, alimkuta ameacha kushona, simu ameibana sikioni, macho ameyafumba kama anayesali.

"Kuna msiba?" Romana aliuliza.

"Nyamaza kwanza." Verdiana akairudisha sauti mwanzo, akamsogezea simu. "Sikiliza."

Ilisikika sauti ya mwanamke, tulivu: "Gunia la pili." Kisha ukimya mfupi. Kisha krak, kama kijiti kikavu kimevunjwa karibu kabisa na sikio. Kisha sauti ileile: "Umekauka. Chenga zipo, si nyingi."

"Nini hicho?"

"Mchele."

"Mtu anakutumia sauti ya meno yake?"

"Meno yake nayahitajia nini, si mume wangu. Mimi nasikiliza punje. Ikilia krak, mchele umekauka. Ikifanya nyef, hata akinipa bure siuchukui. Mtoto wa dada yangu anapata kipaimara Jumapili ya wiki ijayo, watu mia mbili. Umewahi kuwapikia watu mia mbili mchele mbichi wewe?"

"Na picha hakutumi?"

"Picha ya nini? Kwenye picha hata mchele wenye wadudu unapendeza."

Romana alisimama pale barazani. Alimkumbuka bibi yake katika soko la Kibaoni. Kabla ya kununua mchele, bibi alichukua punje moja, akaiweka kwenye magego, akainamisha kichwa kidogo kama mtu anayesikiliza mlango wa jirani. Ndivyo alivyofanya kila mnunuzi, na ndivyo wanavyofanya hadi leo. Romana mwenyewe alinunua hivyo. Ni jambo analolijua kila mtu mkoani, na kwa sababu hiyo halikuwamo kwenye fomu ya mtu yeyote.

"Ni nani huyu?"

"Dorotea Malale. Si yule Msukuma wa Misunkumilo? Ng'ombe za baba yake ziko huko kwenu Mpimbwe."

Jina hilo Romana alikuwa ameliona. Akaingia ndani, akafungua droo ya tatu ya kabati, ile ya waliokataliwa. Fomu ilikuwa ya nusu ukurasa. Elimu: kidato cha nne na cheti cha umeme wa majumbani. Idadi ya wafuasi: *Sina. Ninao wanaorudi.* Pembeni, kwa kalamu nyekundu, kwa mwandiko wake Romana: *Hajaelewa swali.* Alama ishirini na mbili.

Aliisoma mara mbili. Kisha akachukua kalamu, akaukata ule mstari mwekundu, akaweka sahihi na tarehe kama afanyavyo kwa kosa lolote la ofisi, akavaa viatu.

Dorotea alikuwa na umri wa miaka ishirini na tisa. Alikaa nyumba ya pili kutoka mwisho wa Misunkumilo, pale ambapo viwanja vinaishia na mashamba ya mahindi yanaanza. Romana alimkuta amekaa kwenye kigoda, anapepeta, simu mbili zimelala juu ya gunia.

"Uliomba kazi," Romana alisema baada ya salamu.

"Niliomba. Nikaona kimya, nikasema basi, wameshapata."

"Hatujapata. Nilikukata kimakosa."

Dorotea aliacha kupepeta, akamtazama. "Watu wa ofisi huwa hamsemi hivyo."

"Kosa ni la fomu, na fomu ni yangu. Hili la kung'ata punje ulijifunza wapi?"

"Kwa hasira, dada. Kuna mama mmoja wa Katumba, mfanyabiashara, nilimpigia nimuuzie mchele. Akaniambia, wewe uko huko na mimi niko huku, nitajuaje kama umekauka? Nikamwambia umekauka. Akasema kila mtu anasema umekauka. Nikachukua punje, nikaweka simu hapa," akagusa shavu, "nikang'ata. Akacheka mpaka simu ikakatika. Halafu akapiga yeye, akasema lete mawili."

"Sasa unawatumia wangapi?"

"Mia tatu na arobaini. Kasulu wapo, Uvinza wapo, wengi ni hapahapa. Kila gunia nang'ata, nasema nilichosikia, natuma."

"Mkuu wa masoko anasimamia watu wanne na anakaa na bodi. Unajua hilo?"

"Mzee Malale ana watoto kumi na sita," Dorotea alisema. "Mimi ni wa kwanza. Watu wanne watanisumbua nini?"

Romana hakucheka, lakini aliliandika.

Jaribio lilifanyika Kibaoni katikati ya Juni, mpunga mpya ukiwa umeshaanza kukobolewa. Romana alipanda gari la asubuhi, akapita Sitalike na pori lote bila kuinua uso kwenye karatasi zake. Alitaka kila kitu kiwe sawa kwa wote wawili: magunia kumi kumi kutoka ghala moja, simu za aina moja, bei moja, siku tatu. Magunia aliyachagua kwa kuhesabu, kila gunia la tano mstarini, mtu asije akasema baadaye kwamba huyu alipewa mazuri.

Zablon alifanya kazi safi. Alipika wali, akaupakua kwenye sahani nyeupe pamoja na maharage na kisamvu, akasubiri jua la saa kumi na moja, akapiga klipu ya sekunde ishirini na tano ambayo hata Romana, ambaye hakupenda kusema kitu kinapendeza, alikiri moyoni kuwa inapendeza. Kufikia siku ya tatu ilikuwa imetazamwa mara elfu arobaini. Watu waliandika hongereni. Watu wa Kigamboni waliuliza kama wanaletewa mlangoni. Aliuza magunia matatu.

Dorotea aliomba bambo, kile chuma chenye ncha na mfereji wanachochomea gunia ili kutoa punje za katikati. Akaingia ghalani, akakaa chini kati ya magunia yake kumi. Romana alisimama mlangoni na daftari.

"Gunia la kwanza, Mbuga Mbili, Kibaoni." Krak. "Umekauka. Chenga kidogo."

"Gunia la pili." Krak. "Umekauka."

Akaenda hivyo, moja baada ya jingine, bila haraka na bila muziki. Alipofika la saba akachoma, akatoa punje, akaiweka kwenye magego. Haikulia. Ilitoa sauti ndogo laini, kama mtu amekanyaga udongo wenye maji.

"Gunia la saba," Dorotea aliiambia simu. "Hili halijakauka. Siliuzi. Gunia la nane."

Kisha akabonyeza, na sauti ikaenda kwa watu mia tatu na arobaini.

Kalamu ya Romana ilisimama. Angeweza kumwambia aifute. Sekunde bado zilikuwepo. Lakini masharti ya jaribio yalisema msimamizi haingilii, na masharti aliyaandika yeye. Akatazama saa yake, akaandika: saa nne na dakika kumi, gunia la saba, halijakauka, ametangaza.

Kufikia mchana wa siku ya pili magunia tisa yalikuwa yamenunuliwa. La saba lilibaki peke yake katikati ya ghala, na Kibaoni nzima ilikuwa imeshalisikia.

Bodi ilikaa siku ya tatu katika chumba cha mikutano, ambacho siku nyingine ni stoo ya maturubai. Walikuwepo Mzee Optatus, wajumbe wanne, na Damiano, msimamizi wa kiwanda, ambaye ndiye anayekausha na kukoboa mpunga. Zablon na Dorotea walikaa kwenye benchi la nyuma. Romana aliwasomea matokeo bila kupamba. Alipomaliza, Damiano alisimama.

"Huyu dada ametuvua nguo," alisema. "Miaka tisa nakoboa hapa. Leo nikipita sokoni, watoto wananifanyia nyef kwa midomo. Ndiye mtu wa kumpa jina la kampuni huyu?"

"Damiano ana neno," mjumbe mmoja alisema. "Halafu tangu mwanzo mimi nilisema, kizuri chajiuza. Hawa watu wa mitandao tunawatafutia nini?"

"Kizuri chajiuza kwa anayekiona, mzee," Romana alisema. "Wa Kasulu hakioni."

"Na wa Kasulu kaambiwa mchele wetu ni mbichi."

"Gunia moja. Mzee mwenyekiti, naomba hilo gunia liletwe hapa kabla ya maneno kuwa mengi. Tusilijadili likiwa mbali."

Likaletwa. Romana akamkabidhi mwenyekiti bambo. Mzee Optatus akalichoma gunia katikati, akamimina punje kiganjani, akazitazama muda mrefu.

"Mimi nimebaki na meno ya kucheka tu," alisema. "Damiano, wewe bado kijana. Ng'ata."

Damiano akachukua punje moja. Chumba kikanyamaza kiasi kwamba mtu angeweza kuwasikia njiwa juu ya bati. Aling'ata. Hakikusikika kitu. Akachukua ya pili, akabadilisha upande wa kinywa, kama vile jino ndilo lenye kosa. Kisha akatafuna polepole, akameza, akakaa.

"Ni la mwisho wa turubai," alisema baadaye, akiangalia sakafu. "Lori la Mpanda lilikuwa linasubiri. Lile fungu lilianikwa siku moja badala ya tatu. Nilidhani halitaonekana kwenye mchanganyiko."

"Ulidhani," Mzee Optatus alisema.

"Sasa naomba kumpigia mnunuzi mmoja," Romana alisema. "Sijaongea naye kabla. Dorotea hajui ni yupi. Nimechagua jina la sita kwenye orodha ya walionunua kwake, basi."

Simu iliwekwa mezani, sauti ikafunguliwa. Ilipokelewa na mwanamke mwenye lafudhi ya Kirundi, kwa makelele ya soko nyuma yake.

"Ni Rosine, Katumba. Nani mwenzangu?"

Romana akajitambulisha, akamweleza kuwa anasikilizwa na watu wengine wanane. "Mama, ulinunua gunia la nane la Mbuga Mbili juzi. Uliisikia sauti ya gunia la saba?"

"Niliisikia. Nyef."

"Na bado ukanunua la nane. Kwa nini?"

"Hilo la saba ndilo lililofanya ninunue la nane," Rosine alisema. "Nyie mnaonaje? Nina wauza mchele sita kwenye hii simu. Watano kila siku ni krak, krak, krak. Huwa najiuliza, hawa wanang'ata mchele au wanang'ata punje moja waliyoitunza mfukoni? Huyu aliponiambia nyef, nikajua na krak zake ni za kweli. Mkiwa na mengine thelathini aliyoyang'ata yeye, nayachukua. Yeye, si mwingine."

Mzee Optatus akamshukuru, akamwombea biashara njema. Simu ilipozimwa, mjumbe wa kizuri chajiuza alikuwa anajikuna kidevu.

"Lakini wale wa supamaketi wa Dar wanataka ripoti ya Kiingereza kila mwezi," alisema. "Binti, unaandika Kiingereza?"

"Siandiki," Dorotea alisema. "Kusoma nasoma kidogo. Ripoti siwezi."

"Kiingereza tutakinunua kwa kipande," Mzee Optatus alisema. "Nina swali moja tu, na ndilo lililotukalisha hapa. Mwenzako alikaa majuma kumi na moja. Wewe utaondoka lini?"

"Siondoki, mzee. Ng'ombe za baba ziko hapa Mpimbwe. Nitaenda wapi niziache ng'ombe?"

"Hizo ng'ombe tunazijua," alisema mjumbe mwingine, mzee mwembamba aliyekuwa kimya muda wote. "Mwaka ule ziliingia shambani kwangu, zikala mpunga mpaka mashina."

"Zilikula, mzee, na baba alikuja kuomba radhi nikiwepo. Mwaka uliofuata akaleta plau, zikakulimia shamba zima. Uliona tofauti?"

Mzee yule alifikiri kwa haki. "Niliona," alikiri. "Ilikuwa mbolea."

Chumba kikacheka, na aliyechelewa kumaliza kucheka alikuwa Damiano. Lakini bado hakuridhika, na alikuwa na haki yake. Akaomba sharti: siku nyingine gunia likiwa bichi, aambiwe yeye ndani kwa ndani, lisitangazwe.

"Nitakwambia wewe kwanza, kaka," Dorotea alisema. "Halafu nitawaambia watu."

"Sasa hiyo tofauti yake nini?"

"Tofauti yake ni kwamba utakuwa na nafasi ya kulianika."

Damiano akamtazama mwenyekiti. Mwenyekiti akaitazama dari, akawasikiliza njiwa kidogo, akasema imeandikwa hivyo na ipite hivyo. Kura zilikuwa tano kwa sifuri. Damiano hakuwa na kura, ila alibeba gunia la saba mwenyewe hadi uani na kulimwaga juani.

Zablon na Romana walirudi Mpanda kwa gari moja. Hadi Sitalike kijana alitazama nje dirishani. Hakuwa amenuna. Alikuwa anafikiri.

"Dada Romana," alisema hatimaye, "niambie ukweli. Nilikosea wapi?"

"Hukukosea. Ulifanya ulichofundishwa, na umekifanya vizuri. Ila ulipika wali, na wanunuzi walitaka mchele. Anayenunua gunia hataki kuona sahani. Anataka kujua kama litamwozea stoo."

"Sasa nifanyeje?"

"CV yako ukurasa wa kwanza una wafuasi. Futa. Andika: Kibaoni, siku tatu, magunia matatu."

"Matatu ni aibu, dada."

"Matatu ni kweli, na yana shahidi, shahidi ni mimi. Chini yake andika kilichokuzuia kuuza la nne, kama nilivyokueleza sasa hivi. Katika wasifu sitini na tatu sikuona hata mmoja unaosema kilichoshindikana. Mwajiri akiusoma huo ataacha kusinzia."

Zablon alitoa simu, akaanza kufuta hapohapo, gari likirukaruka. Wiki tatu baadaye wasindikaji wa asali wa Inyonga walimwita kwenye usaili. Swali la kwanza walilomuuliza lilihusu gunia la nne, na la mwisho walimuuliza anaweza kuanza lini.

Romana naye alikuwa na la kufuta. Swali la tatu alilitoa lote, pamoja na alama zake ishirini, akaandika mahali pake: *Nani alinunua, na je, alirudi?* Kisha akatoa fomu zote sitini na tatu, akazipima upya kwa swali hilo, kazi ya siku mbili ambayo hakuna aliyemtuma. Walipatikana wengine wawili waliostahili kuitwa. Akawaita.

Majuma yalikwenda. Romana hakumpigia Dorotea kumuuliza hali. Alikuwa na kanuni ya kutoingia kati ya mwajiri na mwajiriwa kabla ya Jumatatu ya juma la kumi na mbili, saa mbili asubuhi. Tarehe hiyo, ya Septemba, alikuwa ameiandika kwenye kalenda ya ukutani kwa penseli, maana kitu ambacho hakijatokea hakiandikwi kwa wino.

Siku ilipofika alikuwa ofisini saa moja na nusu. Alifuta vumbi mezani. Akapanga mafaili yaliyokuwa yamepangwa.

"Si umpigie tu," Verdiana alisema kutoka kwenye cherehani. "Unazunguka kama kuku anayetaka kutaga."

"Saa mbili bado."

"Kuna tofauti gani?"

"Dakika kumi na nane."

Verdiana akaguna, akaendelea kushona. Saa mbili kasoro dakika tano simu ya Romana ikalia yenyewe. Ulikuwa ujumbe wa sauti kutoka kwa Mzee Optatus, ambaye hadi mwezi uliopita alikuwa anajua kupiga na kupokea tu. Romana akaufungua.

"Mama Romana, habari za asubuhi. Najua leo utapiga, nikaona nikuwahi. Juma la kumi na mbili limeingia na mtu wetu yupo, yuko ghalani, anamfundisha Damiano kushika simu vizuri. Sasa sikiliza hapa. Gunia la mia nne na sita."

Ukimya. Kisha krak, kavu, kali, karibu na sikio.

"Hayo si meno yangu," sauti ya mzee ilisema. "Ni ya Damiano."

Barazani cherehani ilikuwa imesimama.

"Umekauka huo," Verdiana alisema. "Waulize bei."

Romana aliisikiliza mara ya pili, kwa uhakika. Kisha akaenda ukutani, akatoa kalamu ya wino, akapita juu ya ile tarehe ya penseli na kuandika pembeni yake neno moja: *Yupo.* Akakaa, akavuta faili la wenye alizeti, akaanza kulisoma kuanzia mwanzo.